Kiti cha Mjukuu

Mjini wametuundia neno la kuchekesha, undugunaizesheni, nasi tunalicheka kwa kuwa tunadhani linawahusu watu wa maofisini. Likiingia kanisani hubadilisha jina: tunaliita shukrani.

Tuseme shule ya kanisa, huku kwetu pwani ya Lindi, imebakiwa na nafasi moja ya kidato cha kwanza. Waombaji ni wawili. Mmoja ni mjukuu wa mzee aliyebeba mawe ya kujengea bweni. Baba yake na shangazi zake wote walisoma pale. Wa pili ni binti wa mvuvi wa Kilwa Kivinje, Mwislamu, na kwao hakuna aliyevuka darasa la saba. Binti amempita mjukuu kwa alama chache. Mzee hakuleta kimemo cha mkubwa yeyote. Amekuja kutusalimu tu, kofia mkononi.

Hatusemi hana lake. Paulo alipomwandikia Timotheo aliikumbuka imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike, kwa hiyo urithi wa nyumba si kitu cha kudharau. Lakini deni la yale mawe ni letu. Tukimlipa mzee kwa kiti cha binti, anayelipa ni mvuvi.

Tena kwetu jambo hili lina mizizi. Shule kubwa za zamani za upande huu, kama Ndanda na Chidya, zilikuwa za misheni, tena ziko bara. Wazazi wengi Waislamu wa pwani waliogopa watoto wao wangebatizwa, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Mkoloni naye alikuwa na upendeleo wake: shule ya Tabora, miaka ya 1920, ilikusudiwa watoto wa machifu. Mwalimu Nyerere, mwana wa Mtemi Burito, alisoma hapo, na ni serikali yake iliyotaifisha shule za misheni kwa sheria ya mwaka 1969, ili mtoto asikoseshwe elimu kwa ajili ya dini. Wapo kati yetu wanaonung'unika hadi leo. Basi tunapomuuliza mtoto wa Kivinje, "Nani wa kwenu alisoma hapa?" tunamuuliza dini ya babu yake bila kuitaja.

Marekani vipo vyuo vikuu vinavyompendelea waziwazi mtoto wa aliyesoma hapo. Vyuo vyetu hutazama matokeo ya mtihani, ila safari ya kuufikia mtihani huo huanzia kwenye kiti kama hiki.

Mama wa wana wa Zebedayo, katika Mathayo 20, aliomba kwa heshima, akapiga magoti. Hakukemewa kwa kuwapenda wanawe. Nafasi alizotaka ndizo hazikugawiwa kwa namna hiyo.

Mzee tumwandike jina ukutani pa bweni, tena tukiwa naye bado, tusingoje siku ya msiba. Siku ya mahafali aketi mbele. Na kama mjukuu atahitaji ada ya shule nyingine, tuchangishane sisi, kila jumuiya, kabla ya Januari.