Thamani Yetu Inatoka Wapi?

Katika jamii zetu mwanamke akijifungua hupata jina jipya. Jana aliitwa kwa jina lake. Leo ni Mama Neema au Mama Daudi. Ni jina la heshima, nasi tunalipenda. Lakini je, asiyejifungua tumwiteje? Na yule aliyepata jina kwa kazi yake, umri ukianza kumwondoa kazini, atabaki kuwa nani?

Tumtazame mwanamke mmoja wa mbali, mwigizaji Michelle Yeoh wa Malaysia. Alizaliwa mwaka 1962, akajulikana kwa filamu za mapigano za Hong Kong. Alipoolewa mwaka 1988 aliacha filamu, akitamani kulea familia. Watoto hawakupatikana. Mwaka 1992 ndoa ilivunjika, naye akarudi kazini. Baadaye amesema waziwazi kwamba kila mwezi uliopita bila mimba alijiona ameshindwa. Amesema pia kwamba kadiri miaka ilivyoongezeka, ndivyo nafasi alizopewa zilivyopungua. Kisha mwaka 2023, akiwa na miaka 60, alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kwa kuigiza mama mwenye biashara ya kufua nguo. Jukwaani aliwasihi wanawake wasikubali kuambiwa kwamba wakati wao umepita, akaitoa tuzo hiyo kwa mama yake mzazi na kwa akina mama wote.

Tunafurahi pamoja naye. Hata hivyo imani inatulazimu kuuliza swali moja zaidi. Kama usiku ule lingetajwa jina la mwingine, je, thamani yake ingepungua? Tuzo hupewa mmoja. Wengine hurudi nyumbani mikono mitupu. Ikiwa ushindi ndio unaothibitisha utu wetu, basi wengi wetu tumekwisha kupotea.

Wala tusiuseme ulimwengu wa filamu peke yake. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika tuliokuwa tukiutumikia, tuliadhimisha siku ya akina mama. Tuliwaomba akina mama wote wasimame ili watoto wa Shule ya Jumapili wawape maua. Mwanakwaya mmoja, aliyewafundisha watoto hao hao kwa miaka mingi, alibaki ameketi. Alifungua kitabu cha nyimbo, ingawa hakuna wimbo uliokuwa umetangazwa. Watoto wakampita. Siku ya Jumanne alikuja ofisini, akauliza kwa upole, “Mchungaji, mimi nisimame siku gani?” Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumehubiri neema mimbarani, kisha tukawahesabu watu kwa matumbo yao.

Sisi Walutheri tunakiri kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, pasipo matendo. Mara nyingi tunadhani jambo hilo linahusu dhambi tu. Linahusu pia cheo, mshahara, uzuri wa sura, hata uzazi. Katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, Martin Luther alifundisha kwamba upendo wa mwanadamu hutafuta kitu kinachompendeza, bali upendo wa Mungu haungoji kukikuta, wenyewe hukiumba. Kwa hiyo hatupendwi kwa kuwa tuna thamani. Tuna thamani kwa kuwa tumependwa.

Je, hii ina maana kwamba kazi na uzazi si kitu? Hapana. Hana alilia mbele za Bwana kwa kukosa mtoto, na Maandiko hayamkemei kwa machozi yake. Mtoto ni zawadi, kazi ni wito, na anayevikosa ana haki ya kuhuzunika. Lakini zawadi haiwezi kuwa kipimo cha anayeipokea. Tukiigeuza kuwa kipimo, tunamwumiza aliyeikosa, na aliyeipata tunamtia hofu ya kuipoteza. Watoto hukua wakaondoka. Kazi hufika siku ya kustaafu. Sura hukunjamana.

Nabii Isaya, katika sura ya 56, anawageukia watu wasioweza kuzaa, waliojiona kama mti mkavu. Mungu anawaahidi nafasi ndani ya nyumba yake, na jina linalopita lile ambalo watoto wangewapa. Na katika sura ya 46 anaahidi kuwachukua watu wake hata wawe na mvi. Jina hilo sisi tulilipokea kwenye maji ya ubatizo, kabla hatujafanya lolote la kusifiwa.

Mwaka uliofuata, katika siku ile ile, hatukumwomba mtu yeyote asimame. Watoto walipita benchi kwa benchi na maua yao, wakimpa kila mwanamke na kumwita kwa jina lake la ubatizo. Mwalimu wao alipoitwa la kwake, alilipokea ua akiwa ameketi, kama wengine wote.