Kosa la mtoto ni mzigo wa nani?

Tuseme mtoto wa miaka 12 amekamatwa pale Kalundu na ndoo ya ndagala alizoanika mama mmoja kwenye mchanga. Watu wanapiga kelele, polisi wanafika, mtoto anaingizwa kasho. Baba anaitwa, anaambiwa alete kitu kidogo, analeta, wanarudi nyumbani. Na yule mama mwenye ndagala? Hakuna hata anayemuuliza. Mtoto naye amejifunza kwamba kosa lina bei, na bei inalipwa kwa shefu.

Ile sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto haisemi hivyo. Asiyefikisha miaka 14 hahesabiwi na hatia, hakimu wa watoto anamuachilia, lakini hasara wanailipa wazazi wake, tena kwa yule aliyekosewa. Sheria hiyo hiyo imefungua pia mlango wa upatanisho.

Tukisoma hayo, sisi tunaona kama tunarudi kwa wazee. Huku kusini ya Uvira, kwa Wabembe, kosa la kijana lililetwa lubunga, pale wanaume wanapokaa na kuamua mambo. Mjomba anasimama, baba anainama, mwenye mali anasikilizwa wa kwanza. Aibu ile ilikuwa nzito kuliko kasho. Kwa hiyo polisi anayemuita mzee na mwenye mali, asiombe kitu, hajavunja sheria wala desturi.

Lakini tusijidanganye. Yatima asiye na mjomba, pale lubunga nani alimsemea? Na binti aliyebakwa, mambo yake yakamalizwa kwa mbuzi kati ya baba wawili, yeye mwenyewe aliulizwa? Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zilikataza ubakaji kumalizwa kwa faini kwenye polisi, na hapo sisi tuko upande wa sheria, hata wazee wakikasirika.

Kuna jambo lingine dogo ambalo linaamua yote: miaka. Polisi anauliza, "Uko na miaka ngapi?" Mtoto hajui, hakuandikishwa kwa letasivili, na ndevu zinaanza kuota. Sheria inasema penye mashaka ahesabiwe mtoto. Mara nyingi ushahidi uliopo ni daftari la darasa, ndiyo maana siku hizi tunaandika tarehe ya kuzaliwa kwa makini, na mzazi akisema "weka tu yoyote", tunamrudisha nyumbani akaulize bibi.