TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 16: Neno "tasa"



Ndugu zangu, wanaosoma juzuu moja kwa siku leo wanapita Suratu Maryam. Miaka kadhaa nyuma, nikidarsisha mahali pengine, nilifasiri dua ya Nabii Zakariya (a.s.) nikasema mkewe alikuwa "tasa". Ndivyo nilivyofundishwa chuoni. Darsa ilipokwisha, mama mmoja nyuma ya pazia akamtuma mtoto aniulize: "Ustadhi, hakuna neno jingine?"

Nikajitetea moyoni: mbona Qur'ani yenyewe imelitaja? Kisha nikarudi kusoma.

Tazama nani analisema, na anamwambia nani. Zakariya anamwomba Mola wake kwa siri. Anaanza na udhaifu wake mwenyewe: mifupa imelegea, kichwa kimejaa mvi. Ndipo anapomtaja mkewe. Katika Suratu Adh-Dhaariyaat, mke wa Nabii Ibrahim (a.s.) anajisema mwenyewe, kwa mshangao wa bishara. Hakuna mahali ambapo mwanamke anarushiwa neno hilo ili adhalilike.

Sisi je? "Tasa" twamwita mbuzi, ng'ombe, na mwanamke. Mwanamume hatumwiti hivyo, hata daktari akisema tatizo liko kwake. Mke ndiye anayesemwa jikoni na kupigiwa mafumbo harusini.

Mtu atasema: "Lakini si kweli hajazaa?" Ndugu yangu, ukweli haukutoi hatiani. Mtume (s.a.w.) alipoeleza maana ya kusengenya, alisema ni kumtaja nduguyo kwa analolichukia. Akaulizwa, je, kama analo kweli? Akajibu kuwa huko ndiko kusengenya. Kama hanalo, umemzulia. Na Suratul Hujuraat, aya ya 11, inakataza kuitana majina mabaya, na inawataja wanawake mahsusi wasiwacheke wanawake wenzao.

Tena, kuzaa si kazi ya mikono yetu. Suratu Shuraa, aya ya 49 na 50: humpa amtakaye wa kike, amtakaye wa kiume, wengine wote wawili, na amtakaye humjaalia asizae. Anayemcheka dada huyu anaicheka kadari ya nani?

Bibi Aisha (r.a.) hakuzaa. Mtume (s.a.w.) hakumwachia pengo hilo liwe jina lake. Alimpa kunya, Ummu Abdillah, kwa mtoto wa dada yake, Abdullah bin Zubeir. Mpaka leo twamwita Mama wa Waumini.

Tangu siku ile mimi nafasiri: "hakujaaliwa mtoto". Maana ni ile ile, ila sasa aliye nyuma ya pazia anaweza kuinua kichwa.

Leo kwenye futari, usimuulize mtu "mbona kimya, lini?" Tumbo lako limefunga tangu alfajiri, ulimi nao ufunge. Na kama kuna uliyewahi kumwita hivyo, mpigie simu kabla ya Magharibi umwombe radhi.

Ewe Mola, wape watoto wema wanaokuomba, na wasiojaaliwa wape utulivu wa moyo. Utusamehe ndimi zetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.