Peremende za Kutafuna na Asili ya Ulaini Wake



Msafiri atokaye Mombasa na watoto, gari likisimama Voi, hana haja ya kuuliza watakacho. Wamekwisha kuziona: zile peremende laini za kutafuna, moja moja katika kikaratasi chake, nyekundu, manjano, na rangi ya chungwa. Wako wadhanio kuwa jambo hili ni dogo mno kusemwa msikitini. Sisi twaona liingialo tumboni mwa mtoto wa Kiislamu si dogo.

Yapasa kwanza tufanye insafu. Utamu si dhambi. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akipenda vitu vitamu na asali. Na watengenezaji wa peremende hizi ni mafundi: sukari huufurahisha ulimi, ukali kama wa ndimu hutoa mate, na kule kuvutika huukawiza utamu kinywani, hata mtoto akataka ya pili ya kwanza haijesha. (Hukawia menoni pia, na huko ndiko kuozako jino.) La ajabu ni kuwa ladha ya tunda mara nyingi haikutoka tundani, na sisi tu katika nchi ambayo Taveta yaleta ndizi sokoni.

Lakini suala letu ni ule ulaini. Watoka wapi? Peremende nyingine hulainishwa kwa vitu vya mimea, wala hazina neno. Nyingine hutiwa gelatini, nayo hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama: ng'ombe, na mara nyingi nguruwe. Wala jina la peremende si dalili. Ziko zilizoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1960 kwa jina la Opal Fruits, na tangu 1998 huitwa huko Starburst kama ziitwavyo Marekani. Za Uingereza hazina gelatini. Za Marekani zinayo. Jina moja, vilivyomo mbali mbali.

Wako wanavyuoni, hasa katika Mahanafi, wasemao kitu kikigeuka dhati yake hugeuka na hukumu yake. Katika madhhebu yetu ya Kishafii mlango huo ni mwembamba: mvinyo uliogeuka siki wenyewe, na ngozi iliyodibaghiwa isiyo ya mbwa wala nguruwe. Basi gelatini ya nguruwe kwetu ni najisi, na kadhalika ya ng'ombe asiyechinjwa kisharia.

Hata hivyo, twawakataza wale wakaao barazani wakaharimisha kila peremende kwa kusikia tu. Sura ya An-Nahl, aya ya 116, imekemea kusema hili halali na hili haramu kwa uzushi. Dawa ni kusoma. Karatasi ya nje huandikwa yaliyomo, na gelatini yaweza kuandikwa kwa alama E441. Mzee asiyejua kusoma herufi hizo ana mjukuu aendaye skuli, amwite amsomee.

Na asiseme mtu kuwa mtoto hana hesabu. Abu Huraira (r.a.) amepokea kuwa Hasan bin Ali, naye mdogo, alitia kinywani tende ya sadaka, ambayo jamaa za Mtume hawaili. Babu yake hakumwachia kwa udogo wake. Alimkemea aitoe, akamweleza sababu. Tende ile ilikuwa halali kwa watu wengine!

Ama mwenye kutaka cha kutafuna kisicho na shaka hiyo, mibuyu imejaa nyanda za chini za Taita. Mbegu na unga wake mchachu, sukari iliyochemshwa, hiliki kidogo: hayo ndiyo mabuyu. Mama zetu wayapika nyumbani, nao wajua walichokitia. Anunuaye ya njiani aulize habari ya ile rangi nyekundu. Na mwenye duka auzaye peremende zisizoandikwa yaliyomo aulizwe kwa adabu azinunua wapi. Akiwa hajui, mtoto na apewe ndizi ya Taveta.