Deni la Macho

Kutazama ni tendo jepesi mno, na kwa wepesi wake watu wengi hudhani ya kuwa halina sheria. Mtu akila chakula cha mwenziwe hujua kuwa ana fadhila ya kurudisha. Akilala nyumbani kwa mtu hutoa shukrani asubuhi. Akichukua kitu pasipo idhini huitwa mwizi. Lakini akila kwa macho, akashiba uzuri wa mlango, wa kofia au wa mkeka, huondoka na moyo mwepesi kama mtu asiyedaiwa. Wahenga walisema kuwa macho hayana pazia. Walisema kweli, lakini hawakusema kuwa macho hayana deni. Swali la insha hii ni hilo: je, mtu asafiriye pamoja na rafiki zake kwenda kutazama mambo mazuri anadaiwa chochote na mikono iliyoyafanya? Na kama anadaiwa, hulipaje?

Zamani swali hili halikuwa na uzito mkubwa, kwani safari nyingi zilikuwa za biashara, za harusi, za msiba au za ibada. Siku hizi watu hufunga safari kwa ajili ya macho tu. Marafiki huchanga fedha kidogo kidogo, huomba ruhusa makazini, huvuka bahari, wakashinda siku mbili tatu wakizunguka katika nyumba za sanaa, maduka na mikahawa. Sioni aibu katika safari ya namna hiyo. Mwili hupumzika kwa usingizi, lakini roho hupumzika kwa kuona jambo jipya. Na urafiki usiopata matembezi huishia kuwa salamu za njiani. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, safari hiyo ni rahisi. Mtaa wa Gizenga peke yake unatosha kumaliza asubuhi nzima: picha zimetundikwa kutani, vinyago vimepangwa milangoni, vitambaa vinapepea, na kahawa haiko mbali.

Pemba haiko hivyo. Kisiwa hiki, ambacho Waarabu walikiita Al-Jazira al-Khadra, yaani kisiwa cha kijani, kipo kilomita 50 hivi kaskazini ya Unguja, na miji yake mikubwa ni mitatu: Mkoani, Chake Chake na Wete. Mgeni ajaye na desturi za Gizenga hutafuta nyumba za sanaa, akikosa alichozoea hutoa hukumu upesi: "Hapa hapana sanaa." Hukumu hiyo si ya kweli, lakini ina faida moja: inatulazimisha kuuliza sanaa hukaa wapi.

Pemba, sanaa hukaa kazini. Majamvi yanayotandazwa kando ya barabara wakati wa mavuno, karafuu zikikauka juu yake na kugeuka kutoka kijani kuwa kahawia, ni kazi ya mikono. Mkeka wa rangi chumbani, msala wa kusalia, kofia iliyodariziwa kichwani mwa mzee, pakacha la nazi, ngalawa ufukweni, vyote hivyo vina vipimo, mapambo na mafundi wake. Hata mkahawa mzuri kuliko yote ni baraza: sakafu mbele ya nyumba, dele juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, kashata, na maneno yasiyokwisha. Hapana kitu hapo kilichotundikwa ili kitazamwe. Kila kitu kimefanywa ili kitumike, na uzuri wake umo ndani ya matumizi. Basi mtazamaji wa Pemba ana kazi kubwa kuliko mtazamaji wa Gizenga. Huko mwenye duka amekwisha kumchagulia. Hapa lazima ajichagulie mwenyewe, na hawezi kuchagua asichokijua.

Hapo ndipo ninapoona sehemu ya kwanza ya deni, nayo ni kujua. Wasimulizi wa Pemba wanaweza kutufundisha jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi. Kusini-mashariki ya Chake Chake, mahali paitwapo Pujini, yapo magofu ya ngome ya karne ya 15, ambayo wenyeji huyanasibisha na mtawala aitwaye Mkama Ndume. Husimuliwa kuwa kisima chake kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane wakati wa kuteka maji. Husimuliwa pia kuwa alikuwa mkatili, hata akawalazimisha raia wake kubeba mawe ya ujenzi huku wakisota. Sidai ya kuwa kila neno la masimulizi hayo ni historia. Lakini tazama hekima ya wasimulizi. Walipotaka kutueleza habari za ukuta hawakusifu urefu wake. Walitaja mwili wa yule aliyebeba jiwe. Mgeni anayepita Pujini, akapiga picha, akasema "Pazuri," akaondoka, ameona mawe tu. Aliyesikia masimulizi ameona watu.

Na karafuu ni hivyo hivyo. Harufu yake humpokea mgeni kabla ya wenyeji. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu la visiwa hivi. Lakini miaka hiyo utumwa ulikuwa bado haujapigwa marufuku. Sheria ya kuondoa utumwa haikuja mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo katika sifa ya harufu hiyo nzuri imo habari ya watu waliopanda na kuchuma pasipo ujira. Kujua hivyo hakuiondoi harufu uzuri wake. Huondoa ujinga katika pua ya mwenye kuinusa. Leo mgeni anaweza kwenda Wawi, karibu na Chake Chake, akaona kiwanda kinachokamua mafuta kutoka katika makonyo ya karafuu, akanunua chupa ndogo akaenda nayo kwao. Chupa hiyo ni moja kwa watu wawili, lakini aliyeuliza amechukua kitu kikubwa kuliko yule asiyeuliza.

Sehemu ya pili ya deni ni ngumu zaidi, kwa kuwa inagusa mfuko. Mtu asidhani kuwa biashara ni jambo lililoletwa Pemba na watalii. Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya maji karibu na Wete, wachimbuzi walipata mwaka 1984 hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa pwani hii hii, zilizofukiwa karibu miaka elfu moja iliyopita. Watu waliopiga sarafu zao wenyewe zamani hizo hawahitaji kufundishwa maana ya bei. Swali si kama kuna biashara, bali ni biashara ya namna gani iliyo ya haki baina ya mwenye nauli ya kuvuka bahari na mwenye mkeka mmoja wa kuuza.

Nitatoa mfano mmoja. Mwaka jana tulitembea Pemba watu wanne, marafiki tangu masomoni. Katika kijiji kimoja tulipiga hodi kwa bibi mmoja msukaji, tukaamkia, tukakaribishwa. Alitutandikia mkeka wa rangi nyekundu, kijani na zambarau, akasema bei yake ni shilingi 40,000. Mwenzetu wa kwanza alikuwa hodari wa kupatana. Akatoa 20,000, akacheka, akatutazama ili nasi tucheke. Mwenzetu wa pili aliona haya kwa niaba yetu sote, akatoa noti za 80,000 akasema, "Chukua tu, bibi, usijali." Wa tatu alininong'oneza kuwa afadhali tusinunue kabisa, maana fedha za wageni huharibu kazi za watu.

Bibi hakukasirika. Alimwambia wa kwanza, "Mwanangu, mkeka huu niliuanza Mfunguo Mosi, nikaumaliza Mfunguo Tatu. Ukindu nimeukata, nimeuanika, nimeutokosa kwa rangi, nimeuchana chane, nimesuka ukili, nimeshona. Wewe umekata nini hata ukate bei yangu nusu?" Kisha akamgeukia wa pili, akamrudishia nusu ya noti zake. "Na wewe, mie sikuomba. Nauza mkeka." Mwishowe alipunguza 2,000 kwa heshima ya ugeni wetu, mkeka ukauzwa kwa 38,000, na sote tukapewa maji ya kunywa.

Nimeyafikiri sana maneno ya bibi yule, na naona ya kuwa alitoa hukumu tatu zilizo sawa. Hukumu ya kwanza ni juu ya mpatani. Kupatana bei si dhambi. Ni desturi yetu ya kale, na ndani yake mna mazungumzo na kujuana. Wasemao kuwa bei ni mapatano ya wawili walioridhika wana hoja, nami siidharau. Lakini ridhaa ina masharti. Muuzaji ambaye kesho anatakiwa ada ya skuli huweza kusema "Nimekubali" kwa ulimi, huku moyo ukisema "Sina la kufanya." Mnunuzi anayejua hivyo, au awezaye kujua kwa kuuliza maneno mawili, hawezi kujificha nyuma ya neno ridhaa. Bei ya haki ni ile ambayo mnunuzi angeweza kuitaja mbele ya jirani za muuzaji pasipo kuinamisha uso.

Hukumu ya pili ni juu ya mkarimu. Wema wake ulikuwa wa kweli, lakini uliingia kwa mlango usio wake. Sadaka ni jambo tukufu, nayo ina jina lake na adabu zake. Ikivikwa nguo ya biashara humgeuza fundi kuwa maskini mbele ya kazi yake mwenyewe. Mtu aliyesuka kwa miezi miwili anataka kusikia kuwa mkeka wake una thamani. Hataki kusikia kuwa uso wake unatia huruma. Aliyelipa maradufu kwa huruma na aliyelipa nusu kwa dhihaka wamekosea jambo moja: hapana hata mmoja wao aliyeutazama mkeka. Mmoja aliitazama fursa, na mwingine akautazama umaskini.

Hukumu ya tatu, ingawa bibi hakuisikia hoja yake, ni juu ya yule aliyeogopa kununua. Hofu yake ina msingi, kwa sababu mnunuzi huwa mwalimu wa fundi bila ya kujua. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa za makopo juu ya vipande vya ubao vya mraba. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi. Jamaa na wanafunzi wake waliiendeleza njia yake, na leo picha za namna hiyo zimejaa madukani, Unguja na bara. Miongoni mwake zimo nzuri sana, na zimo zilizofanywa mbio, kwa kuwa wanunuzi wengi hutaka tembo yule yule na twiga yule yule, tena kwa bei iliyo chini kuliko ya jana. Rahisi huvunja upishi. Lakini dawa ya mnunuzi mbaya si kutonunua. Ni kununua vizuri. Mkeka usionunuliwa haubaki safi katika mila yake. Huenda usisukwe tena, na mjukuu wa msukaji akatandika zulia la plastiki, akawa na haki ya kufanya hivyo.

Imebaki habari ya urafiki, kwa maana safari hizi hatuendi peke yetu. Nimeona ya kuwa mtu aliye peke yake huona haya upesi kuliko aliye katika kundi. Yule aliyetoa 20,000 asingecheka kama tusingekuwapo. Kicheko chake kilikuwa zawadi kwetu, na bibi ndiye aliyetakiwa kuigharimia. Furaha ya marafiki ina hatari hiyo: huweza kuwafanya watu wa mahali kuwa mchezo, na mji mzima kuwa pazia la nyuma la picha zetu. Lakini urafiki una dawa yake ndani yake. Rafiki wa kweli si yule acheke kila tunapocheka; ni shahidi wetu ugenini, mahali ambapo hapana atujuaye. Wazazi na jirani zetu hawatuoni huko, lakini yeye anatuona. Akinyamaza tunapodhulumu kidogo, amesaidia kudhulumu. Akitukumbusha kwa upole, ametufaa kuliko aliyetulipia nauli.

Basi nasema ya kuwa macho yanadaiwa, na deni lake hulipwa kwa vitu viwili: maarifa na haki. Asiye na fedha anaweza kulipa la kwanza, kwa kuuliza, kusikiliza na kuheshimu neno "hapana" anapotaka kupiga picha. Mwenye fedha hulipa yote mawili. Wala deni hili si mzigo wa kuharibu starehe ya safari. Ndilo linaloifanya starehe iwe na kina. Anayetazama mkeka pasipo kujua huona rangi tatu. Anayejua huona ukindu ukikatwa, jua likiukausha, chane zikipishana, na miezi ya mwaka ikipita katika vidole vya mtu. Huyo akilipa bei ambayo yeye na muuzaji wanaweza kuitaja bila haya, amesaidia mkeka mwingine usukwe, ingawa yeye hajui kusuka hata ukili mmoja.