Nyumba ya Kupangisha na Dhamana ya Mkristo

Masomo: Matendo 28:30, Isaya 5:8, Luka 14:28–30



Siku hizi mtu wa kwetu akiuza ng'ombe, au akipata kiinua mgongo, mara nyingi huwaza kujenga vyumba vya kupangisha kule Haydom, Mbulu au Babati. Je, jambo hili lampasa Mkristo?

Zamani swali hili lilijibiwa na siasa. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani kuanzia shilingi 100,000. Mwaka 1991, huko Zanzibar, CCM ililegeza masharti ya uongozi. Tangu hapo swali limerudi kwenye dhamiri ya kila mmoja wetu.

Maandiko hayakatazi kupangisha. Mtume Paulo alikuwa mpangaji. Alikaa Rumi miaka miwili katika nyumba ya kupanga, akapokea watu humo na kuhubiri Injili. Aliyempangishia hatumjui jina, lakini chini ya paa lake Neno lilihubiriwa. Lakini nabii Isaya anawaonya wale wanaounganisha nyumba na nyumba, shamba na shamba, hata jirani akose mahali. Kosa si kuwa na nyumba ya pili. Kosa ni tamaa isiyo na kipimo.

Bwana Yesu alifundisha kwamba ajengaye mnara hukaa kwanza akahesabu gharama. Basi na tuhesabu. Tuseme umekopa, na marejesho ni shilingi 200,000 kila mwezi. Una vyumba sita vya shilingi 40,000 kila kimoja: jumla 240,000. Moyo unafurahi, maana zinabaki 40,000. Lakini vyumba viwili vikikosa wapangaji, unapata 160,000, nawe umepungukiwa 40,000. Bado hujatengeneza paa wala kulipa kodi ya Serikali. Benki haitauliza kama vyumba vilijaa. Itauliza dhamana.

Na dhamana hiyo ni nini? Mara nyingi ni shamba la ukoo au nyumba wanamolala watoto. Sheria ya Ndoa ya 1971 yasema mume asiweke rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe, wala mke bila ya mumewe. Ndugu, usimletee mama watoto karatasi usiku atie sahihi asiyoielewa. Mkae mezani, mhesabu pamoja, mwombe pamoja. Kumbukeni Nabothi, aliyekataa kuutoa urithi wa baba zake hata kwa mfalme. Hapa bondeni jirani zetu Wahadzabe walipopata hati ya kimila mwaka 2011, waliipata kama jamii, kwa faida ya watoto wao pia. Iko ardhi ambayo sisi ni watunzaji wake tu.

Anayetaka kukua, akue polepole. Ajenge chumba kimoja au viwili kwa akiba yake, au kwa mkopo mdogo wa chama cha akiba na mikopo. Kodi ya hivyo ianzishe kingine. Aweke kando fedha za miezi mitatu kabla ya kuongeza deni. Atakawia, lakini atalala usingizi.

Tena msimsahau mpangaji. Yule mwalimu kijana au muuguzi aliyeanza kazi jana, ukimdai kodi ya mwaka mzima kwa mpigo, atakopa ili akulipe wewe. Mpe hati ya mapatano, mpe risiti, tengeneza choo, wala usimtupie vyombo nje mtoto wake akiwa mgonjwa.

Siku ya mwisho Bwana hatatuuliza tulikuwa na vyumba vingapi. Atasema alikuwa mgeni. Nasi tutajibu kama tulimkaribisha. Mungu atujalie kujenga kwa haki.

Amina.