Je, Yafaa Mtu Kushukiwa kwa Kabila Lake?

 Liko jambo litajwalo sana barazani, lakini ni mara chache kupimwa kwa mizani ya dini. Nalo ni askari wa polisi kumsimamisha mtu njiani, si kwa tendo alilolitenda, bali kwa pua yake, nywele zake, kanzu yake au buibui lake.

Mwezi wa Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh, Nairobi, na kwingineko. Na wengi wakazuiliwa katika kiwanja cha michezo cha Kasarani. Humo walikuwamo raia wa Kenya wenye vitambulisho vyao. Wala hilo halikuwa la kwanza: mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walihojiwa upya juu ya uraia wao, wakapewa kadi za pekee.

Wako wasemao: "Wahalifu wengine wametoka katika kabila hilo, basi askari afanyeje?" Twajibu: hata wahalifu kumi wakiwa na sura moja, wako maelfu wenye sura hiyo wasio na hatia. Basi sura haimfichui mhalifu. Yamficha katika wengi. Na aliyedhulumiwa leo, kesho akiona la hatari ataogopa kwenda kituoni kulisema. Hivyo dhuluma hii haileti hata ile amani iliyodaiwa.

Na dini imekwisha kata hukumu. Wafasiri wengi wamepokea kwamba aya za Suratun-Nisaa, kuanzia ya 105, ziliteremka kwa sababu ya deraya iliyoibwa Madina. Mwizi alihesabiwa katika Waislamu; wizi akatupiwa Myahudi, na jamaa za mwizi wakasimama kumtetea mtu wao. Wahyi ukashuka kumtakasa Myahudi. Haki haikutazama kabila, wala wingi wa wasemaji.

Kisa hiki chatuhusu sisi sote. Wako huku pwani wasemao, "Wakamatwao ni Wasomali, sisi yatuhusu nini?" Na wako walalamikao wakishikwa kwa ajili ya kanzu, kisha akiibwa kuku mtaani humnyoshea kidole mgeni wa bara kabla ya kuuliza. Hao wamlaumu askari kwa tabia waliyo nayo wenyewe.

Basi raia afanye nini? Kwanza, ajue haki yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, yakataza kumbagua mtu kwa rangi, asili, dini au mavazi. Na kifungu cha 49 chataka aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha aifahamuyo, na kwa kawaida afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita.

Pili, awe shahidi. Akiona jirani ashikwa, asimame kwa adabu, asitukane wala asizuie kazi. Aandike namba ya askari, saa na mahali, kisha amfuate jirani mpaka kituoni. Ushahidi wa asiye wa kabila la aliyeshikwa una uzito zaidi, maana hautuhumiwi upendeleo.

Tatu, ashitaki kwa maandishi. Iko IPOA, mamlaka huru ya kuchunguza mwenendo wa polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Nne, rushwa isifanywe desturi. Wanazuoni wengi wamemruhusu aliyebanwa kutoa ili ajiondolee dhuluma, na dhambi ni ya apokeaye. Lakini kila mwenye shilingi akijikomboa na kunyamaza, asiye nayo ndiye abakiaye korokoroni, na msako hugeuka biashara.

Wala tusiwachukie askari wote kwa makosa ya baadhi yao, maana hilo nalo ni kumhukumu mtu kwa sare yake. Wamo wamchao Mungu, na wamo watoto wetu. Hao tuwanasihi na tuwatie nguvu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuisimamia haki, iwe yetu au ya wenzetu. Amin.